Jedwali la hashi: kasi hutoka wapi, na humfikiaje mwandishi wa programu

Mapema mwaka 2025 ilienea habari kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani amevunja dhana ya hisabati iliyosimama kwa miaka 40, na kwamba dhana hiyo ilihusu jedwali la hashi, kitu kilichomo ndani ya karibu kila programu tunayoitumia. Kwa vijana wa Lamu wanaojifunza kuandika programu, wengi wao kwa simu kwanza na kompyuta baadaye, habari ilifika ikiwa imekatwakatwa. Nimesikia mmoja akisema kwamba sasa kompyuta zote zitaongeza kasi. Mwingine akasema maktaba zote za programu za zamani zimekwisha kazi, itafutwe mpya. Wa tatu aliingiwa na hofu: kama hashi imevunjwa, basi nywila zetu ziko wazi.

Yote matatu si kweli, na wala siwalaumu. Wanaosimulia habari za namna hii huchanganya vitu vitatu. Kuna wazo la hisabati. Kuna msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, unaolitekeleza wazo hilo. Halafu kuna kifurushi kinachoufikisha msimbo kwa mtu anayeandika programu ya duka lake au ya zahanati ya kijijini kwao. Magazeti hupenda la kwanza. Mimi naona kasi anayoipata mwandishi wa programu hutegemea zaidi hilo la tatu, na ndilo lisilo na msimulizi.

Tuyaweke maneno sawa kabla ya kwenda mbali. Jedwali la hashi, ambalo waandishi wa programu wakizungumza hulifupisha kuwa hashimapu, ni njia ya kuhifadhi vitu viwili viwili: ufunguo na thamani. Namba ya simu ni ufunguo; jina la mteja na deni lake ni thamani. Unatoa ufunguo, unapewa thamani, bila orodha nzima kupekuliwa. Maktaba ya programu ni msimbo ulioandikwa na mtu mwingine ili uutumie ndani ya programu yako. Kifurushi ni maktaba hiyo ikiwa imefungwa pamoja na jina, namba ya toleo, leseni, maelezo na kila kinachohitajika ili mtu aisakinishe kwa amri moja.

Ofisi ya mizigo

Mizigo midogo inayotumwa Lamu kutoka Mombasa au Nairobi husafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha huvuka kwa boti hadi mjini. Chukua ofisi moja ya kupokelea mizigo karibu na jeti, yaani gati la boti, ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, ukutani mna vidaka (vijishubaka vya kuwekea vitu) 100 vilivyoandikwa 00 hadi 99. Kila mzigo una namba ya simu ya mwenyewe. Karani akiiweka popote penye nafasi, mteja akija itabidi aanze kidaka cha kwanza na kusoma namba moja moja. Mizigo ikiwa 10 hakuna shida. Ikiwa 1,000, foleni itafika jetini. Anaweza kuipanga kuanzia namba ndogo hadi kubwa, lakini kila mzigo mpya utamlazimu asogeze mingine ili upate pa kukaa.

Basi karani atazame tarakimu mbili za mwisho za namba ya simu. Inayoishia na 47 inakwenda kidaka cha 47. Mteja akifika anataja namba yake, na mkono wa karani unakwenda palepale. Kanuni hiyo, inayogeuza namba ndefu kuwa namba fupi ya kidaka, ndiyo hashi. Ukuta na vidaka vyake ndio jedwali.

Kwa nini zichukuliwe tarakimu za mwisho? Namba za simu za mkononi za Kenya huanza na 07 au 01. Karani angezitegemea za mwanzo, vidaka viwili vingefurika na 98 vingebaki vitupu. Angetumia herufi ya kwanza ya jina, M ingemshinda: Mohamed, Mahmoud, Maryam, Mwanaisha, Mwanakhamisi, wote pahali pamoja. Hashi nzuri hutawanya hata pale funguo zenyewe zinapofanana. Hashi za kompyuta hufika mbali kuliko tarakimu mbili za mwisho. Huchanganya biti zote za ufunguo, yaani zile 0 na 1 zinazouunda, ili hata majina mawili yanayotofautiana kwa herufi moja yaangukie vidaka vilivyo mbalimbali.

Hata hivyo kugongana hakukwepeki, na hapa ndipo wengi hudhani pana kasoro. Katika ukuta wa vidaka 100, mizigo 13 tu inatosha ili uwezekano wa miwili kuangukia kidaka kimoja upite nusu. Ni hesabu ileile inayosema kwamba katika watu 23 uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa unapita nusu, ingawa mwaka una siku 365. Kwa hiyo ubora wa jedwali la hashi haupimwi kwa kukosa migongano. Hupimwa kwa namna linavyoishughulikia.

Njia kuu ni mbili, na zote zina umri mkubwa. Mwaka 1953 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliandika wazo la kuviacha vilivyogongana vishike mnyororo: kila kidaka kina orodha yake, na karani huifuata hadi apate mzigo. Mwaka 1957 W. Wesley Peterson alieleza njia nyingine: kidaka cha 47 kikiwa na mtu, jaribu cha 48, kisha cha 49, mpaka upate kitupu. Mteja akija, karani anaifuata njia hiyohiyo. Akikuta kidaka kitupu kabla ya kuuona mzigo anajua kwamba haupo. Njia hii ina mtego wake. Mzigo wa 48 ukichukuliwa na kidaka kuachwa kitupu, karani anayetafuta ule uliosukumwa hadi 49 atasimama 48 na kumwambia mwenyewe kwamba mzigo wake haujafika. Kwa hiyo kidaka kilichoondolewa kitu huachiwa alama: hapa palikuwa na mzigo, endelea kutazama. Maktaba inayosahau alama hiyo hupoteza data bila kutoa onyo lolote, na kasoro ya namna hiyo huweza kukaa miezi bila kuonekana.

Jambo jingine ni kujaa. Ukuta ukijaa robo tu, karibu kila mzigo hupatikana mara moja. Ukijaa kabisa, karani hutembea kidaka baada ya kidaka. Maktaba hutatua hili kwa kujenga ukuta mkubwa zaidi, mara nyingi maradufu, na kuhamishia kila kitu huko kabla ya kufika kwenye shida. Jedwali la hashi la kawaida la lugha ya Java huhama likijaa asilimia 75. Kuhama kwenyewe kuna gharama, na ndiyo sababu msemo kwamba hashimapu huchukua hatua moja kila mara si sahihi. Ni hatua chache kwa wastani, na mara mojamoja hatua nyingi sana kwa mpigo.

Sasa ile habari ya 2025 inaelezeka. Mwaka 1985 mwanasayansi wa kompyuta Andrew Yao alidai kwamba, kwa majedwali ya njia ya pili yanayochukua nafasi tupu ya kwanza yanayoikuta, kuna kikomo ambacho hakuna ufundi utakaokipita. Kama imebaki nafasi moja katika kila 1,000, basi katika hali mbaya utarajie kutazama kama nafasi 1,000. Andrew Krapivin, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rutgers, pamoja na Martín Farach-Colton na William Kuszmaul, walionyesha kwamba inawezekana kutazama nafasi chache mno kuliko hizo: idadi hukua kwa mraba wa logarithmu ya 1,000 (logarithmu hukua polepole sana kuliko namba yenyewe), na si kwa 1,000 yenyewe. Kwa hisabati ni jambo kubwa, na linastahili kila sifa lililopewa.

Lakini angalia sharti lake. Faida huonekana jedwali likiwa limebakiza nafasi moja katika 1,000. Maktaba tunazozitumia hazifiki huko. Zinahama zikiwa bado na robo au sehemu moja ya nane ya nafasi tupu. Programu ya duka pale Langoni haikuongeza kasi kwa sababu ya habari ile, wala maktaba ya zamani haikupitwa na wakati.

Na nywila? Hapo pana mkanganyiko wa kazi mbili. Hashi ya nywila hutengenezwa iwe ya polepole makusudi, ili mwizi anayebahatisha achoke, na hashi ya usalama kama SHA-256 hutengenezwa ili isiwe rahisi kupata vitu viwili vinavyotoa jibu moja. Hashi ya jedwali hutakiwa iwe ya haraka tu na itawanye vizuri. Kugongana kwake ni jambo la kila siku. Kazi ya Krapivin na wenzake ilihusu mpangilio wa vidaka, haikugusa usiri wa kitu chochote.

Kasi yenyewe inakaa wapi

Ukimuuliza mtu anayetengeneza maktaba za namna hii, hatakueleza sana kuhusu idadi ya hatua. Atakueleza kuhusu umbali. Kichakataji cha kompyuta kina kumbukumbu ndogo iliyo karibu nacho sana, inayojibu kwa takriban nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kumbukumbu kuu iko mbali; jibu lake huchukua kama nanosekunde 100. Tena kichakataji hakichukui baiti (biti nane) moja moja. Kwenye kompyuta nyingi za leo huchukua fungu la baiti 64 kwa safari. Njia ya minyororo humtuma karani kwenye chumba kingine kwa kila pete ya mnyororo, na kila safari ni nanosekunde 100. Njia ya vidaka vinavyofuatana humwacha palepale, macho yakitazama kidaka cha jirani ambacho tayari kimekwisha kuletwa karibu.

Wahandisi wa Google walilichukua wazo hili wakalisukuma mbele katika ubunifu uitwao Swiss Tables, ulioelezwa hadharani na Matt Kulukundis mwaka 2017 na kutolewa bure mwaka uliofuata ndani ya maktaba ya Abseil ya lugha ya C++. Pembeni ya vidaka kuna ukanda wa vibandiko vidogo, baiti moja kwa kila kidaka. Kibandiko kinasema kama kidaka ni kitupu, kama kimeondolewa kitu, au kinabeba biti 7 za hashi ya kilichomo. Kichakataji kina amri inayolinganisha vibandiko 16 kwa mara moja. Kwa hiyo karani halazimiki kufungua kidaka hata kimoja mpaka awe na sababu nzuri ya kuamini kwamba mzigo umo. Vingine vyote amevikataa kwa kutupa jicho moja. Kwa kuwa kutafuta ni rahisi hivyo, jedwali linaruhusiwa kujaa hadi sehemu saba za nane.

Wazo lilisambaa. Amanieu d'Antras aliliandika upya kwa lugha ya Rust katika kifurushi kiitwacho hashbrown, na mwaka 2019, katika toleo la 1.36, Rust yenyewe ilikifanya kuwa injini ya hashimapu yake ya kawaida. Lugha ya Go ilifanya vivyo hivyo katika toleo la 1.24, Februari 2025, mwezi uleule ambao watu walikuwa wakizungumza kuhusu dhana iliyovunjwa. Mwandishi wa programu wa Shela au Matondoni anayetumia Go alipata jedwali jipya bila kubadilisha mstari hata mmoja wa msimbo wake. Alisasisha lugha tu. Na jambo hilo halikuvuma hata kidogo.

Kufunga ni kutoa ahadi

Wengi hudhani kwamba kufunga maktaba ni kuweka mafaili pamoja, kuyabana na kuyapakia mahali watu watayapata: PyPI kwa Python, npm kwa JavaScript, crates.io kwa Rust, au Debian kwa atakayetaka programu yake iingie katika Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Hiyo ni siku ya mwisho ya kazi. Kazi halisi ni kuamua utaahidi nini, kwa sababu kila kitu ambacho watumiaji wanakiona watakitegemea, hata usichokusudia.

Chukua mpangilio. Ukiipitia hashimapu kutoka mwanzo hadi mwisho, vitu vinatoka kwa utaratibu gani? Kimsingi hakuna utaratibu. Vinatoka kama vilivyotawanywa. Python ilipobadilisha muundo wa kamusi zake, yaani hashimapu zake, katika toleo la 3.6, mwaka 2016, ikawa vitu vinatoka kama vilivyoingia. Ilikuwa matokeo ya kubana kumbukumbu, haikuwa ahadi. Watu waliona, wakaanza kutegemea, na toleo la 3.7 likaifanya kuwa kanuni ya lugha. Tangu hapo kila atakayebuni kamusi mpya ya Python lazima aibebe ahadi hiyo, hata kama kuna muundo wa kasi zaidi usioweza kuitimiza. Waandishi wa Go walichagua kinyume: makusudi walifanya upitiaji uanzie mahali pa kubahatisha kila mara, ili pasiwe na mtu atakayezoea mpangilio ambao hawakuuahidi. Mimi nawaunga mkono wa Go katika hili. Wanaoanza hulalamika, lakini ukali huo ndio uliowaachia nafasi ya kubadilisha jedwali zima mwaka 2025 bila kuvunja programu za watu.

C++ inaonyesha upande mchungu. Hashimapu ya kawaida ya lugha hiyo iliingia rasmi mwaka 2011, na kanuni zake zinaahidi kwamba ukishashika anwani ya kitu kilichomo ndani, yaani mahali kilipo kwenye kumbukumbu, anwani hiyo itabaki sahihi hata jedwali likikua. Ahadi hiyo ni nzuri kwa mtumiaji, lakini inakulazimisha utumie minyororo, maana vitu vinavyokaa moja kwa moja ndani ya vidaka huhama jedwali linapohama. Ndiyo maana wanaoitengeneza hawawezi kuibadilisha injini yake kimyakimya kama Go walivyofanya. Abseil ililazimika kuja na majina mapya, tena mawili: moja kwa jedwali linaloweka vitu ndani ya vidaka na ni la kasi zaidi, jingine kwa wale ambao kweli wanahitaji anwani zisizohama. Kuyatenganisha majina hayo ni kazi ya ufungaji, na kwa maoni yangu ni sehemu bora ya maktaba ile.

Halafu kuna usalama. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach walionyesha kwamba mtu anayeijua kanuni ya hashi anaweza kutuma funguo zilizochaguliwa makusudi ziangukie kidaka kimoja. Ni kama mtu atume mizigo 10,000 yote ikiishia na 47. Karani aliyekuwa wa haraka anageuka kuwa wa polepole kama asiye na utaratibu wowote, na seva, kompyuta inayohudumia tovuti, inasimama. Onyo halikusikika vya kutosha. Desemba 2011 Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba lugha nyingi za kutengenezea tovuti bado zilikuwa na udhaifu huo. Mwaka 2012 Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walitoa SipHash, hashi yenye siri ya kubahatisha ndani yake, ili mtu wa nje asiweze kukisia kidaka.

Ulinzi huo hugharimu kasi kidogo, na hapa mfungaji analazimika kuamua kwa niaba ya watu asiowajua. Rust ilipoichukua injini ya hashbrown haikuchukua kila kitu: jedwali lilibadilika, lakini hashi ya kawaida ilibaki ya aina ya SipHash. Anayesakinisha kifurushi cha hashbrown chenyewe hupewa hashi nyepesi zaidi, na anayetumia hashimapu iliyomo ndani ya Rust hupewa yenye ulinzi mzito zaidi. Injini ni moja, watu wawili wanaahidiwa vitu tofauti. Mtu akipima vyote viwili halafu akatangaza kwamba kimoja ni bora, bila kutaja tofauti hiyo, anawapotosha wenzake. Majedwali mengi ya ulinganisho yanayosambazwa yana kasoro hiyo, na mengine hupima namba kamili zinazofuatana, 1, 2, 3, wakati wewe funguo zako ni majina ya watu.

Faili moja au maktaba ya mfumo

Kwa lugha ya C jambo linakuwa gumu zaidi, na naona linaeleza vizuri kwa nini ufungaji unaweza kuua kasi. Kanuni rasmi za C hazina hashimapu. Kila mtu hutafuta ya kwake. Tuseme umeandika nzuri sana na unataka kuitoa.

Unaweza kuitoa kama maktaba ya mfumo, iliyokwisha kukusanywa (kugeuzwa kuwa lugha ya mashine), ambayo programu nyingi kwenye kompyuta moja zinaichangia. Debian huigawa katika vifurushi viwili, kimoja cha kuendeshea programu na kingine cha anayeandika. Uzuri wake ni kwamba kasoro ikipatikana, sasisho moja linaziponya programu zote. Ubaya ni kwamba maktaba ilikusanywa kabla ya kujua funguo zako ni za aina gani. Kila inapotaka kulinganisha funguo mbili inabidi iite kazi yako kupitia kielekezi, yaani anwani ya mahali ilipo, na kompaila, programu inayoukusanya msimbo, haiwezi kuchungulia ndani na kufupisha. Katika shughuli inayorudiwa mamilioni ya mara, wito huo huonekana.

Njia ya pili ni kuitoa kama faili moja ambalo mtumiaji hulinakili ndani ya mradi wake, kama yalivyo uthash na khash. Kompaila huuona msimbo wote, huujua ufunguo, na hutengeneza jedwali lililoshonwa kwa ajili ya aina hiyo tu. Kasi inapanda na kusakinisha hakupo. Lakini kila mradi unabaki na nakala yake. Ukigundua kasoro leo, nakala zilizotawanyika huko nje hazitajua, na nyingine zitaishi na kasoro hiyo kwa miaka. Kwa jedwali dogo ambalo limeshajaribiwa vya kutosha, mimi ningechagua faili moja. Kwa kitu kinachopokea data kutoka kwa watu wasiojulikana ningefikiri mara mbili.

Ukichagua maktaba ya mfumo, ficha umbo la ndani la jedwali. Programu ya mtu ikishajua kwamba idadi ya vitu iko baiti ya nane kutoka mwanzo, huwezi tena kuongeza kitu kabla yake bila programu hiyo kuharibika. Mpe mtumiaji kielekezi na kazi za kuita, yaliyomo ndani yabaki yako.

Leseni nayo husahauliwa sana. Msimbo uliowekwa wazi bila leseni hauwi mali ya umma. Haki zote bado ni za mwandishi, na kampuni makini haitaugusa. Leseni ya MIT ni aya chache na humruhusu mtu karibu kila kitu mradi aache jina lako. GPL humtaka anayesambaza kazi iliyojengwa juu ya yako aitoe kwa masharti hayohayo. Chagua moja, weka faili lake, endelea.

Utegemezi nao una uzito wake kwetu. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa npm kifurushi kidogo kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka kwa saa kadhaa kwa sababu ilikitegemea bila hata kujua. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, maktaba ya kubana data inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux. Hashimapu haina sababu ya kutegemea vifurushi vingine kumi. Kwa anayenunua bando, kila kifurushi cha ziada ni pesa na ni muda, na mtandao ukikatika katikati ya kusakinisha anaanza upya. Programu ya pip ya Python ina amri ya kupakua vifurushi bila kuvisakinisha. Mtu anaweza kuvipakua mjini, akavibeba kwa flashi hadi Faza au Kiunga na kuvisakinisha huko bila intaneti. Cargo ya Rust nayo ina amri ya kuweka nakala za vifurushi vyote ndani ya mradi. Mfungaji anayejaribu kifurushi chake katika hali hiyo kabla ya kukitoa anawafikia watu wengi kuliko anayekijaribu ofisini tu.

Kwa anayetafuta hashimapu ya kutumia, ushauri wangu ni kuanza na ile iliyomo ndani ya lugha yako. Ipo tayari, imejaribiwa na watu wengi mno, na mara nyingi tatizo la kasi liko mahali pengine. Kabla ya kuibadilisha, zitazame funguo. Kwa kompyuta, +254 712 na 0712 ni funguo mbili tofauti hata kama simu ni moja, na nafasi iliyosahaulika mwishoni mwa jina hutengeneza mteja mpya. Zisafishe namba ziwe za umbo moja kabla hazijaingia. Baada ya hapo pima, kwa data yako mwenyewe, kwenye kompyuta itakayofanya kazi hiyo.

Na kwa anayetaka kufunga ya kwake: andika majaribio yanayoilazimisha hashi itoe jibu moja kwa kila ufunguo, ili migongano yote itokee mbele yako. Jaza, ondoa nusu, jaza tena, uone kama alama za vidaka vilivyoondolewa vitu zinakujazia jedwali mpaka linakwama. Andika maelezo yanayotaja waziwazi usiyoyaahidi: mpangilio, anwani, matumizi ya nyuzi nyingi (sehemu kadhaa za programu zinazofanya kazi sambamba) kwa wakati mmoja. Yaandike kwa Kiswahili pia. Namba za toleo zifuate desturi ya sehemu tatu, ambapo ya kwanza hupanda unapovunja ahadi, ya pili unapoongeza kitu, ya tatu unaporekebisha kasoro. Toleo la kwanza kabisa liwe 0.1.0, maana kwa desturi hiyo namba inayoanza na 0 humjulisha msomaji kwamba mambo bado yanaweza kubadilika, na hukupa nafasi ya kusikia malalamiko ya watumiaji wa kwanza kabla hujajifunga kwa 1.0.0.